Jina Ambalo Bibi Tumpe Hakulitaja

Kaeni vizuri basi, na hizo simu wekeni chini kidogo. Tangu watu wasikie kwamba nimestaafu ukarani wa parokia, haipiti wiki kijana fulani hajapiga hodi hapa kwangu Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, akitaka nimtafutie ukoo wake. Zamani mlikuwa mnawakimbia babu zenu msije mkatumwa maji, leo mnawatafuta kwa tochi. Sawa, siwacheki. Nitawaonyesha namna ya kusoma vitabu vya kanisa, maana mimi nikiondoka sijui nani atawaonyesha. Ila nina habari moja ambayo haijanitoka rohoni, na hiyo nitawaambia hata kama hamkuijia.

Niliingia parokiani Tunduma miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, pale mji ulipoanza kujaa. Malori yalikuwa yanapanga foleni hadi huku kwetu, watu wanashuka kutoka kila mkoa na marobota ya mitumba, wabadilisha fedha wamekaa barabarani na vibunda mkononi kama wanauza karanga. Katika vurugu ile, ghafla kila mtu akahitaji karatasi ya kuonyesha yeye ni nani. Huyu anataka pasi, huyu anataka mtoto asome ng'ambo, huyu anataka kuthibitisha kwamba shamba lile lilikuwa la babu yake. Serikali haikuwa imewaandika wazee wao. Aliyekuwa amewaandika ni padri, basi wakawa wanakuja kwangu.

Vitabu vyenyewe vilitoka misheni ya zamani iliyokuwa upande wa pili wa mpaka, karibu na Nakonde. Waliovianzisha walikuwa mapadri Waingereza, na walivipiga mistari vile vile kama vya parokia za kwao: kimoja cha ubatizo, kimoja cha ndoa, kimoja cha mazishi. Vililetwa upande wetu kabla mpaka haujawa na geti, na hakuna aliyekumbuka kuvirudisha. Mimi nilivikuta ndani ya sanduku la bati, na juu ya sanduku mtu ameweka debe la mafuta ya taa.

Aliyenifundisha kuvisoma ni Padri Edwini, Mwingereza mrefu aliyekuwa anagonga kichwa kwenye kila mlango wa Tunduma na kuuomba mlango radhi. Kwao alikuwa ameutafuta ukoo wake kwenye vitabu vya kanisa la kijiji chao, akapanda kutoka kwa baba hadi kwa babu, na kutoka kwa babu hadi kwa watu ambao hata makaburi yao yamekwisha kuwa malisho. Alikuwa na picha za kurasa hizo kwenye bahasha. Jioni baada ya chai ananitandikia mezani: huyu alibatizwa, huyu akaoa, huyu akazikwa, na jina ni lile lile linashuka kwa baba kwenda kwa mtoto kama maji kwenye mfereji. Watu wakubwa hakuwakuta humo. Mmoja alikuwa mwizi wa kondoo, na huyo ndiye aliyempenda kuliko wote. Alikuwa akisema kwamba kila anayetafuta ukoo wake anataka kumkuta mfalme, na asipokuwa mwangalifu atamkuta kweli.

Na alisema kweli. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa simenti hapa mjini, tumbo mbele, akataka nimwonyeshe kwamba babu yake alikuwa chifu. Nikatafuta, nikampata babu. Alikuwa mpishi wa misheni, na pembeni padri wa wakati huo ameandika kwamba amefukuzwa kazi kwa kula mayai. Mteja wangu akafuta jasho, halafu akaniuliza taratibu kama humo ndani hakuna babu mwingine.

Sasa sikilizeni ufundi wenyewe. Msianze na ubatizo, anzeni na mazishi, mrudi nyuma. Mtu akifa huwa ameshajulikana, lakini mtoto anayebatizwa bado hajulikani, na wengine walikuwa wanakufa, kisha anayezaliwa nyuma yao anapewa jina lile lile. Ukimfuata aliyekufa ukidhani ndiye aliyeoa, umeshapotea. Usilowanishe kidole kwa mate kufungua ukurasa, wino ule unakunywa maji haraka kuliko utingo wa lori. Wino ukiwa umefifia, peleka kitabu dirishani, ukilaze upande jua liupige ukurasa kwa ubavu, utaona mkwaruzo wa kalamu hata kama rangi imekwisha. Na usiridhike na jina la baba na mama tu, soma na jina la msimamizi. Msimamizi wa ubatizo mara nyingi ni shangazi, au jirani aliyewapa watu hawa mahali pa kulala. Mimi nimewapata watu wengi kwa kupitia wasimamizi.

Makosa? Nimeyafanya hadi nikachoka kuyaonea aibu. Kuna mzee alitaka nimtafutie ndugu za baba yake, hasa mmoja aitwaye Mateo aliyehamia Ivuna kuchemsha chumvi. Nikapanda lori la chumvi linalorudi tupu, nikafika Ivuna vumbi kichwani, nikauliza Mateo. Wakanipeleka kwa Mateo. Nikakaa, nikala, nikaandika watoto na wajukuu, nikafurahi kabisa. Kumbe yule ni mfugaji aliyekuja na ng'ombe kutoka Usukuma juzijuzi, alinijibu kila nilichouliza kwa sababu alidhani nahesabu watu kwa ajili ya chanjo. Nilirudi Tunduma na kiroba cha chumvi bila ndugu hata mmoja. Padri Edwini alicheka hadi akagonga kichwa tena.

Baada ya kucheka akanipa somo ambalo alilirudia mara nyingi, na mimi nikalishika kama amri. Alisema kilichoandikwa siku ile kina nguvu kuliko kinachokumbukwa leo. Mtu husahau, mtu hupendelea, mtu huona haya, lakini karani wa siku ile hakuwa na sababu ya kudanganya. Kwao Uingereza, alisema, somo hilo halijamwangusha hata mara moja.

Basi tufike kwa Sekela.

Sekela alikuwa mshonaji, binti wa hapa Mpemba, cherehani yake ilikaa barazani karibu na barabara kuu. Alikuwa na maneno makali na mkono mwepesi, akikushonea suruali haikatiki hadi wewe mwenyewe uichoke. Mchumba wake alikuwa Yaredi Silwamba, dereva wa lori, kwao Nakonde, kijana mtaratibu ambaye akipita na lori lake kubwa anapiga honi fupi pale barazani na Sekela anajifanya hajasikia. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Walikuja kwangu wenyewe kuandikisha ndoa, na wakati najaza majina Yaredi alikuwa anatabasamu bila sababu. Nilimwambia afunge mdomo nzi wasiingie.

Baba yake Sekela aliitwa Lazaro. Alikufa Sekela akiwa mdogo, mama naye akaolewa mbali, mtoto akalelewa na mama yake Lazaro, yaani Bibi Tumpe. Bibi Tumpe alikuwa Mndali wa milima ya Ileje, mwembamba, mpole, mwenye adabu za zamani. Akikusalimu anapiga goti hata kama wewe ni mdogo kwake. Alimlea Sekela kwa adabu hizo hizo, ila mjukuu aliondoka na mdomo wake mwenyewe.

Kama mnavyojua, ndoa hutangazwa kanisani kabla ya kufungwa, ili mwenye kizuizi aseme. Jumapili ya pili ya matangazo akasimama Mzee Wiliamu Silwamba, baba mkubwa wa Yaredi, aliyekuwa amevuka mpaka asubuhi ile. Hakuwa mtu wa fitina, na alisimama kwa shida, kofia mkononi. Akasema, mukwai, yaani waheshimiwa, samahani sana, lakini huyo Lazaro baba wa binti tulikua naye uani kwetu, tukala sahani moja, na wazee wetu walimwita mtoto wa Silwamba. Hawa ni ndugu. Kwao mtu na mtu wa ukoo mmoja hawaoani, na wakioana watoto hawakai.

Kanisa lote likageuka kumtazama Sekela. Padri Edwini akasema mambo hayo hayaamuliwi kwa kelele, yanaamuliwa kwa kitabu, na kitabu tunacho. Akanitazama mimi. Nakumbuka nilijisikia mkubwa siku ile.

Nilitafuta kuanzia mchana. Nikalipata jina la Lazaro kwenye kitabu cha ubatizo cha misheni, wino mzuri, mwandiko safi, hakuna wadudu, hakuna doa. Mtoto Lazaro. Mama, Tumpe. Baba, Anania. Na mahali pa kuandika baba huyo Anania ni mwana wa nani, imeandikwa Silwamba. Nilipeleka kitabu dirishani, nikakilaza, nikasoma tena. Ilikuwa Silwamba.

Jioni Yaredi alikuja ofisini peke yake. Alikuwa ameshaniona usoni, hakuuliza nimepata nini. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akakiangalia kitabu kilichofungwa mezani, kisha akasema polepole, "Mzee, vitabu vya zamani si huliwa na mchwa? Sema ukurasa umeliwa. Mimi sitakuomba kitu kingine maishani."

Nilimwambia sina uwezo huo. Nilimpa na hotuba, mjinga mimi, kuhusu heshima ya kumbukumbu na watu watakaokuja baada yetu. Alinisikiliza hadi mwisho kama mtoto wa shule, akasema asante, akatoka. Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Sikusoma vibaya, sikuongeza wala sikupunguza, na bado nikimkumbuka alivyosema asante natamani ningeuchana ule ukurasa kwa mkono wangu.

Kikao kilikaa siku iliyofuata. Alikuwepo Padri Edwini, wazee wa kanisa, Mzee Wiliamu, vijana wenyewe, na Bibi Tumpe kwenye mkeka, maana kiti alikikataa. Nikasoma. Bibi Tumpe akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema huyo wa kwenye kitabu siye. Akaeleza kwa sauti ndogo. Yeye na mumewe Anania walishuka kutoka Ileje, Anania akielekea migodini Kopabelti. Wakapewa mahali pa kulala kwa akina Silwamba karibu na misheni, mume akaendelea na safari, akamwacha hapo na mimba. Huko alikokwenda hakurudi. Lazaro akazaliwa uani kwa Silwamba na akakulia hapo, ndiyo maana Mzee Wiliamu anamkumbuka. Lakini damu ya Silwamba hana.

Padri Edwini akainama mbele. Alikuwa mtu mwema, nawaambia, alitaka kumsaidia. "Bibi, baba wa mume wako aliitwa nani? Taja jina tu, tutaandika."

Bibi Tumpe hakujibu. Padri akarudia, labda alidhani Kiswahili chake hakikueleweka. Bibi akavuta kanga yake.

"Siwezi kumtaja, Padri. Ni mkwe wangu."

Ninyi vijana wa leo mnawaita wakwe zenu hata kwa majina ya utani, hamtaelewa. Kwa Wandali wa rika lake, mwanamke hamtaji baba mkwe wake. Hamtaji akiwa hai, hamtaji akiwa amekufa, na hata neno linalokaribiana na jina lake analikwepa, analitafutia lingine. Nyumbani kwetu Unamwanga mama yangu alikuwa anamtaja babu bila shida, kwa hiyo mimi sikujua. Mzee Wiliamu hakujua. Padri Edwini ndiyo kabisa. Huko kwao mwanamke anasimama mbele ya padri, anataja mkwe, baba wa mkwe na mbwa wao, karani anaandika.

Na ndivyo kitabu kilivyokosea, Bibi Tumpe akatueleza mwenyewe. Siku ya ubatizo padri wa misheni aliuliza, Anania ni mwana wa nani. Yeye akanyamaza, akatazama chini. Kwao mwanamke akinyamaza hivyo, aliye karibu naye hujibu kwa niaba yake, ndiyo kawaida, na kila mtu anaijua. Lakini siku ile aliye karibu naye alikuwa msimamizi, mke wa Silwamba, Mnamwanga, ambaye hakuwahi kumsikia baba wa Anania. Akaona mama mtoto kanyamaza, padri anasubiri, mtoto analia. Akataja jina la nyumbani kwake, ili mtoto asirudishwe bila kubatizwa. Padri akaandika.

Nilimgeukia Sekela. Nikamwuliza kama yeye, mjukuu, analijua jina hilo, maana yeye si mkwe, hakatazwi. Akasema hajawahi kulisikia. Nani angemwambia? Baba alikufa, na bibi hakulitamka ndani ya nyumba ile siku zote alizomlea. Alimshika bibi yake mabega, akamwomba kwa Kindali, kisha kwa Kiswahili ili sote tusikie, kwamba alitaje mara moja tu, halafu yatakayokuja yaje. Bibi Tumpe alifungua mdomo, namkumbuka, aliufungua kabisa, na hakikutoka kitu.

Mzee Wiliamu akasema, kwa huzuni na si kwa kushinda, kwamba aliyenyamaza amekubali. Bibi akaomba kitu kimoja. Aruhusiwe kwenda Ileje kumleta wifi yake, dada wa Anania, kama bado yu hai. Yule ni binti wa huyo mkwe mwenyewe, anaweza kumtaja baba yake hata sokoni. Padri Edwini akampa hadi Jumapili ya tatu ya matangazo.

Mtu ataniuliza, Mzee, kwa nini hamkumtajia majina ya koo za kule, moja moja, yeye atikise kichwa tu? Swali zuri. Nimejiuliza hilo tangu siku ile. Siku hizi ndivyo ninavyofanya, na hata wanawake wenyewe ndivyo wanavyofanya wakiandikisha watoto shule. Lakini siku ile tulikuwa wanaume wengi wenye akili tumekaa kukizunguka kitabu, na hakuna aliyelifikiria.

Ilikuwa masika. Njia ya milimani ilikuwa tope, gari linalopanda leo linashuka likipata bahati. Jumapili ikafika, Bibi Tumpe hajarudi. Niliwaomba wazee wa kanisa wiki nyingine, wakasema watu hawawezi kukaa hivyo, wameshatangazwa kuwa wachumba na wameshatangazwa kuwa ndugu, wapatiwe njia moja. Padri Edwini akasema kitabu kiko wazi na bibi alipewa muda. Akafuta tangazo.

Kesho yake akina Silwamba wakachinja mbuzi. Kwao, watu wa damu moja wakikaribia kuoana bila kujua, husafishwa. Wanakalishwa pamoja mbele ya wazee, wanakula nyama ya mbuzi huyo kwenye sahani moja, huyu anamwita yule kaka, yule anamwita huyu dada. Nilialikwa kama shahidi wa kanisa, sikukataa. Yaredi alikula akiwa anatazama mlango. Sekela alitafuna nyama ile muda mrefu kuliko nyama inavyotafunwa, kisha akasema kaka. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Wiki haikuisha. Nikiwa ofisini nikasikia hodi, nikatoka. Bibi Tumpe alikuwa amesimama hapo, tope hadi magotini, na kando yake kikongwe mmoja mfupi anaegemea fimbo. Walitembea sehemu kubwa ya njia. Yule kikongwe hakusubiri kukaribishwa wala kupewa maji, alishaelezwa kinachotakiwa.

"Baba yangu ni Kibona," akasema. "Kibona wa Ileje. Anania ni kaka yangu, tumbo moja. Huyo Silwamba wenu simjui."

Alilitamka kirahisi kama mtu anayeita mbuzi arudi zizini.

Nilimkimbilia Padri Edwini, naye akamtuma mtu ng'ambo kwa Mzee Wiliamu. Akaja jioni ile ile. Akamsikiliza yule kikongwe, akamwuliza maswali, na akaamini, akasema wazi kabisa kwamba ameamini. Kisha akakaa chini, akavua kofia. Akasema, wameshakula. Damu yao si moja, amekubali, lakini wameitana kaka na dada mbele ya wazee walio hai na waliokufa, na hajui mtu wa kwao aliyewahi kuitapika nyama ile. Akirudi nyumbani aseme wale ni wachumba tena, hakuna mzee atakayewabariki, na mtoto wao wa kwanza akiugua hata mafua tu, wote watajua kwa nini. Yaredi alikuwepo. Alimbishia baba yake mkubwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapaza sauti, akapiga meza. Mzee alimwacha aseme yote, na machozi yalikuwa yanamtoka mzee mwenyewe.

Yaredi aliondoka na lori kwenda Kongo na akawa hapiti tena njia yetu kama anaweza kuikwepa. Nilisikia alioa huko kusini. Sekela alirudi kwenye cherehani yake, na kwa muda mrefu akawa akisikia honi yoyote fupi anasimamisha mguu.

Padri Edwini alinitaka nirekebishe kitabu. Kanuni ni kwamba hufuti, unaandika pembeni. Nikaandika Kibona pembeni, kwa wino mweusi, na jina la aliyelitaja. Padri akalitazama. Akaniambia alidhani kila mwanamke duniani anaruhusiwa kutaja jina la mkwe wake. Tangu siku ile, ile bahasha ya picha za ukoo wake sikuiona tena mezani, wala yeye hakunirudia lile somo lake. Alirudi kwao baada ya muda, akiwa ameniachia vitabu na ufunguo.

Nami nikabadilisha kazi yangu. Tangu hapo mama akija na mtoto wa kubatizwa, simuulizi jina la babu wa mtoto hadi nimeuliza kwanza kama kuna wifi, au shemeji, au mtoto mkubwa wa nyumba ile. Na ninyi mkisoma vitabu hivi, mkikuta jina, jiulizeni lilitoka kinywani mwa nani. Aliyetajwa mnaye hapo mbele yenu. Aliyetaja je? Na nani alikuwa amesimama kando, amenyamaza? Kitabu hakitawaambia, itabidi mwende mkaulize kwa bibi zenu wakiwa bado wanapumua.

Miaka ilipita, Sekela akaolewa. Mume alikuwa Mndali, mtu wa kwao Ileje, fundi seremala, mtu mzuri, sina neno naye. Wakapata mtoto wa kike. Siku ya ubatizo walikuja familia nzima, na baba mkwe, Mzee Ambakisye Mtafya, amevaa koti lake na tai, mama mkwe, mawifi. Bibi Tumpe naye aliletwa, ameshikwa mkono, macho yameanza kufifia. Tulikuwa kwenye chumba kidogo cha nyuma ya kanisa, ninapoandika majina kabla ya misa.

Nikaandika mtoto, nikaandika mama, nikaandika baba. Nikainua kichwa, nikauliza kama kawaida yangu kama kuna wifi wa kutusaidia jina la babu. Wifi akasogea, tayari amefungua mdomo. Sekela akamzuia kwa mkono.

"Andika, Karani. Ambakisye Mtafya."

Mama mkwe akajishika mdomo. Mzee mwenyewe, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mkwewe, aligeuka akatazama ukuta. Mume wa Sekela hakujua aangalie wapi. Mimi niliandika, na mwandiko wangu siku ile si mzuri, mtauona mkienda.

Sekela alimpa mumewe mtoto. Akaenda akachutama mbele ya bibi yake, akamshika magoti. Hakusema kwa hasira.

"Umeona, Bibi? Hakuna aliyekufa."

Bibi Tumpe alimtafuta uso kwa mkono, akaupata, akaushika.

"Najua, mjukuu wangu," akasema. "Hata siku ile nilijua."